Toleo la Heshima la Kabati

Kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu za zamani, kuzisafisha, kuzitia kwenye diski, kisha kuziuza ndani ya boksi gumu lenye kijitabu, ili mnunuzi aziweke sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuziona. Boksi hilo waliliita toleo la heshima. Wateja walikuwa wachache lakini wakali. Kona ya boksi ikibonyea kidogo njiani, walilirudisha pamoja na maneno ambayo mtu hawezi kumsomea mama yake.

Asubuhi hiyo chumba cha mikutano kilinuka gundi na siki. Gundi ilikuwa ya kila siku. Siki ilitoka kwenye mkebe wa bati uliokaa juu ya gazeti katikati ya meza, maana filamu ikizeeka hunuka siki. Fundi wa picha, mwenye glavu nyeupe mikononi, aliufungua mkebe, akanusa, akaufunga, akaufungua tena. Wenzake walimwita Darubini, na si kwa sababu ya kazi tu. Alikuwa mtu wa kutazama chini ya kikombe kabla hajanywa.

"Inanuka kidogo tu," alisema. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Filamu ya umri huu, imekaa chini ya kitanda miaka yote, mbona haijaoza?"

"Chini ya kitanda cha nani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Cha Shemeji."

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote pale ofisini. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mdogo wa kike wa marehemu mke wa mwongozaji wa filamu hiyo. Mwongozaji alipoulizwa kwa simu nakala nzuri iko wapi, alijibu, "Iko kwa shemeji yangu, ila muwe macho, ana maneno." Jina likashika. Tangu aulete mkebe, hata mlinzi wa mlangoni alimwita Shemeji, naye hakuona sababu ya kubishana.

Filamu yenyewe iliitwa Kabati. Ni habari ya familia inayopandisha kabati la nguo ngazini, kutoka chini ya jengo mpaka chumba chao cha juu, na hakuna kingine. Ngazi haziishi. Wakifika katikati ya filamu, mtoto aliyeanza safari akiwa mgongoni anashika pembe ya kabati mwenyewe. Wakikaribia juu, ana ndevu. Majirani hufungua milango, hutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, hufunga. Kuna bibi mmoja anayeingia ndani ya kabati apumzike kidogo, akaishi humo, na hakuna anayethubutu kumtoa. Waigizaji walikuwa ndugu na marafiki, mahali palikuwa ngazi moja, kamera ilikuwa ya kuazima. Ilipotoka watu waliicheka, wakaipenda, wakaisahau.

Aliyetaka itoke kwa heshima alikuwa Mteuzi, mwanamke ambaye kazi yake pale ilikuwa kuchagua filamu. Aliiona akiwa msichana, akatoka ukumbini mabega yakimuuma. Hayo ndiyo aliyoanza nayo kumweleza Mkurugenzi.

"Kamera iko kidato kimoja chini ya wabebaji, muda wote," alisema. "Haipandi juu hata mara moja. Kwa hiyo wewe unayetazama ndiye uliye chini ya kabati. Likiponyoka, linakuangukia wewe. Nani mwingine alifikiria hivyo? Halafu sikiliza. Kila kidato kina mlio wake. Watu wanatengeneza filamu zenye majeshi na farasi, ukifika nyumbani umeshasahau. Hii ina kabati moja, na mimi mpaka leo nikiona ngazi nashika kiuno."

"Mbona hakutengeneza nyingine?" Mkurugenzi aliuliza. Hakuamini kitu kizuri kisicho na ndugu.

"Anasema anasubiri wazo."

"Amesubiri mpaka nywele zimeisha."

Mteuzi alivuta mapazia, Darubini akawasha mashine, na picha ikaangukia ukutani.

Baba na mjomba walikuwa wamelishika kabati. Yule wa nyuma, mjomba, alizibwa na mzigo kiasi kwamba uso wake haukuonekana. Huyo ndiye mwongozaji mwenyewe, enzi za ujana. Wakaanza kupanda. Ngazi ilipokata kona, mwanamke mwenye penseli nyweleni akaingia kutokea upande wa kushoto wa picha, akamgusa mjomba begani, akasema, "Polepole, bwana. Unalibeba kama mkate." Kisha akarudi alikotoka. Mjomba akapunguza mwendo, na kweli ikawa vizuri zaidi.

Darubini akasimamisha mashine.

"Huyu mwanamke yumo kwenye ile nakala mbovu aliyotupa mzee mwongozaji?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hayumo."

"Una hakika?"

"Nimeipitia yote. Hayumo."

Mkurugenzi akamtazama Darubini, Darubini akamtazama Mteuzi, Mteuzi akautazama mkebe. Kila mmoja aliwaza kwamba kuna mtu ameichezea filamu, na kila mmoja alikuwa na mtu wake moyoni.

Wakaianza upya. Safari hii pale kwenye kona hapakuwa na mtu. Mwanamke alitokea mbele zaidi, amepiga goti, akivuta futi ya kitambaa kutoka kwenye kamera mpaka puani kwa baba. Akasoma kipimo kwa sauti, akaondoka. Walipoirudia tena alikuwa amesimama kwenye mlango wa jirani, akimfundisha yule bibi namna ya kuingia kabatini. "Ingia kama unaingia kwako, mama. Usituangalie sisi. Sisi hatupo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkurugenzi alisema, na mchana huo huo akabadilisha kufuli.

Yeye alishuku kampuni nyingine ya maboksi, iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Darubini alimshuku Mteuzi, kwa kuwa anaipenda filamu kupita kiasi, na apendaye sana huongeza chumvi. Mteuzi alimshuku Shemeji, kwa sababu mkebe ulitoka kwake na kwa sababu siku aliyouleta alikataa hata maji ya kunywa. Mama wa usafi aliwashuku wote, maana vikombe vilikuwa vikipungua. Darubini alibandika uzi mwembamba kwenye kifuniko cha mkebe ili amnase atakayeufungua. Uzi haukukatika. Mwanamke aliendelea kuja kazini. Siku nyingine alikuwa amevaa sweta, kwa kuwa ngazini kulikuwa na baridi.

Wakamwita Shemeji. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, akatazama ukutani mpaka penseli ilipotokea.

"Ni dada," alisema.

"Dada yako si marehemu?" Mkurugenzi alimkumbusha, kwa upole wa mtu anayenusa madai.

"Ni marehemu, ndiyo. Nimesema mzima? Hapo yuko kazini."

"Na kazi yake ilikuwa ipi?" Darubini aliuliza.

"Si hiyo mnayoiangalia?"

Akawaeleza, na hakupandisha sauti hata kidogo. Kamera ilikuwa ya studio ya picha za harusi. Mume wa dada yake aliajiriwa pale, kazi yake kubeba taa. Mwenye studio alikubali kuiazimisha kamera kwa kijana wake wa kazi tu. Kuikabidhi kwa mke wa mbeba taa lilikuwa jambo ambalo hata hakulisikiliza hadi mwisho. Na kwa kuwa alialikwa kwenye onyesho la kwanza, ilibidi aone jina la kijana wake mbele. Dada ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, kwa hiyo dada mwenyewe, kwa mkono wake, akaandika kadi ya mwanzo wa filamu: imeongozwa na mumewe. Akaandika na ya pili, yenye jina lake, ya kuwekwa baada ya siku hiyo. Onyesho lilipokwisha ukumbi ulisimama kupiga makofi. Mume akasimama ayapokee, kwa niaba.

"Akaona vigumu kukaa," alisema Shemeji. "Mpaka leo hajakaa."

"Na ile kadi ya pili?" Mteuzi aliuliza.

"Dada aliniambia imepotea. Alipokuwa ananiambia hakuniangalia usoni." Akaushika mkoba wake vizuri. "Mimi sitaki kitu chenu kingine. Jina la dada likae mbele ya boksi, pale mnapoandika imeongozwa na nani. Filamu chukueni. Nilimwahidi hilo akiwa kitandani, na sijui nitamwambia nini kama halikuwekwa."

Mteuzi akahisi joto la aibu shingoni, kwa kuwa alikuwa amemdhania mama huyu kuwa mwizi. Kisha akalikumbuka lile swali la Mkurugenzi, kwa nini mzee hakutengeneza filamu nyingine. Sasa lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limepiga magoti ngazini na futi mkononi.

Mzee aliitwa kesho yake. Alikuja na suti ya kijivu na kofia, akampa kila mtu mkono, akafika kwa Shemeji.

"Hujambo shemeji. Umekonda."

"Sijambo shemeji. Wewe umenenepa."

Wakakaa, mmoja huku na mwingine kule. Mashine ikawashwa. Mwanamke alikuwa katikati ya ngazi akiwapanga wabebaji, penseli ikiwa mdomoni. Mzee aliposafisha koo, yule mwanamke aliacha kazi, akakaa kwenye kidato, akawageuzia mgongo. Baba na mjomba walibaki na kabati mabegani wakisubiri waambiwe. Walisubiri kwa muda mrefu, na jasho lilikuwa likionekana.

"Aa," alisema mzee. "Huyo ni mke wangu. Alikuwa akituletea chai."

"Chai," alisema Shemeji.

"Chai. Alikuwa na moyo mwema sana."

Pale pale sinia la vikombe likaonekana kwenye kona ya ngazi. Wabebaji wakatua kabati, wakanywa. Mwanamke naye akachukua kikombe, na kikiwa mkononi vile vile akaendelea kupanga: wewe kaa hapa, wewe usiguse ukuta, mtoto ashuke mgongoni sasa maana amekua. Kikombe kimoja alikijaza akakiweka kidato cha chini kabisa, upande wa waliokuwa wakitazama, na humo chumbani wote wakakiona kikitoa mvuke mpaka kikapoa. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye kofia yake.

"Shemeji," alisema, "umeifanya nini filamu yangu?"

"Nimeilaza tu, shemeji. Chini ya kitanda changu."

Walipoondoka, kila mmoja kwa wakati wake ili wasikutane ngazini, Mkurugenzi alifunga mlango. Hakuna aliyeuliza tena nani aliitengeneza Kabati. Hilo lilikuwa limekwisha, hata Darubini alilikubali, na Darubini hakuwa amekubali jambo tangu aajiriwe. Shida ilikuwa boksi. Boksi la heshima huhitaji mahojiano na mwongozaji, sahihi ya mwongozaji, na mwongozaji mwenyewe kwenye uzinduzi akishikana mikono na watu. Tena aliyeandikwa kwenye filamu ndiye anayetoa ruhusa, na mzee alikuwa ameshasema mlangoni, akivaa kofia yake, kwamba jina likiguswa ruhusa haipo.

"Marehemu hawezi kuhojiwa," alisema Mkurugenzi. Nyuma yake, ukutani, marehemu alikuwa akimweleza baba kwa nini asilie mapema.

"Lakini sote tumemwona," alisema Mteuzi.

"Kuona tumeona. Mbele ya filamu pameandikwa nini? Na mwandiko wa nani? Wake. Sasa sisi tuwe wajuaji kuliko marehemu?"

Mteuzi alikuwa na maneno ya kumjibu, mengi, na mengine hayakuwa ya heshima. Lakini alijua akiyasema boksi halitoki, na Kabati itarudi chini ya kitanda iendelee kunuka. Aliitaka filamu ile itoke kuliko alivyotaka haki itendeke, na akaichukia nafsi yake kwa kulijua hilo.

Ikabaki kumwondoa mwanamke. Usafishaji una kanuni yake: kitu ambacho kimo kwenye nakala moja na hakimo kwenye nyingine ni uchafu, kama nywele, vumbi au alama ya kidole, na kazi ya fundi ni kukifuta, picha moja baada ya nyingine. Darubini alikaa mbele ya kompyuta akaanza. Alimfuta kwenye kona, mwanamke akahamia mlangoni. Alimfuta mlangoni, akamkuta juu, ameegemea ukuta, akimtazama jinsi anavyofanya kazi.

"Samahani, mama," Darubini alisema mwishowe. "Ungesogea tu pembeni ya picha, tungemaliza mapema."

Mwanamke alimwelewa, kwa kuwa ni mtu wa filamu. Akatoka kwenye picha bila kuacha hata ncha ya sketi. Baada ya kitambo sauti yake ikasikika kutoka nje ya ukingo, upande wa kushoto.

"Kuna mkwaruzo hapo chini ya dirisha. Hujauona."

Darubini akatazama. Ulikuwepo. Hakumshukuru, akidhani ni mtego, akaendelea. Sauti ikamwambia kwamba ule ukuta anaupaka kijani cha hospitali na wakati ule ulikuwa kijani cha pera bichi. Akaupunguza mpaka sauti ikasema basi. Ikamwambia kelele za kidato cha mwisho asizisafishe kabisa, pale pana mlio wa mbao unaofanana na mlio wa uti wa mgongo wa mzee yeyote akiinuka, na ndiyo maana alilazimisha wairudie hadi mjomba akakasirika. Darubini alikagua kila alichoambiwa, akitafuta kosa, na akarudi kila mara bila kosa. Hatimaye akawa anauliza yeye. Wakafanya kazi namna hiyo, mmoja kwenye kiti na mwingine nje ya picha, mpaka Kabati ikang'aa kuliko siku ilipotengenezwa. Mkurugenzi alipoiona alisimama bila kujua amesimama.

"Nani amesimamia usafishaji huu?" aliuliza.

"Mwongozaji," alisema Darubini.

"Safi. Tutaliandika hilo kwenye boksi." Na likaandikwa nyuma ya boksi, kwamba usafishaji umesimamiwa na mwongozaji mwenyewe, na chini yake likaandikwa jina la mzee.

Mteuzi ndiye aliyeandika kijitabu. Aliandika kwa nini filamu hii inastahili: kamera iliyo chini ya mzigo, milio ya vidato, mtoto anayeota ndevu bila mtu kushangaa, na ile subira ya mkono uliojua kabati lina uzito gani kwa kuwa umewahi kulibeba na kulifuta vumbi na kulipanga nguo za watu wengine. Ilikuwa makala nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Kila sentensi ilimhusu dada. Mwisho aliweka aya moja iliyosema wazi ni nani, na Mkurugenzi akaikata, kisha akampelekea mzee asome. Mzee hakubadilisha kitu. Aliongeza mstari mmoja tu ukurasa wa mwisho: shukrani za pekee kwa marehemu mke wangu, kwa chai.

Shemeji alikuja kabla boksi halijatoka. Mteuzi alimpokea pale mlangoni pa ofisi, akiwa amesimama, jambo ambalo Shemeji aliliona.

"Vipi lile jina?"

"Tunajitahidi, mama."

"Mwanangu, mimi nashona sare. Mzazi akija siku ya kufungua shule nikamwambia najitahidi, anajua sare haijakatwa."

Mteuzi alitazama chini. Alitaka kumwambia kwamba kila kitu kwenye kile kijitabu kimeandikwa kwa ajili ya dada yake, lakini alijua namna litakavyosikika.

"Nipeni mkebe wangu," alisema Shemeji.

Akapewa bila ubishi. Walikuwa wameufuta vumbi na kuubandika kibandiko kipya. Hawakuuhitaji tena, kila kilichokuwamo kilikuwa kimeshanakiliwa.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba. Mkurugenzi alisema ukiona vyaelea vimeundwa, akamwonyesha mzee kwa mkono, na ukumbi ukasimama. Mzee akasimama pia. Msichana mmoja aliyekuja na boksi lake kifuani aliuliza ilikuwaje akafikiria kuiweka kamera kidato kimoja chini.

"Nilitaka mtazamaji awe chini ya kabati," alisema mzee, ambaye alikuwa amekisoma kijitabu vizuri. "Likiponyoka, limwangukie yeye."

"Na wazo lilikujaje?"

"Lilinijia nikinywa chai."

Watu wakacheka kwa mapenzi. Kisha akasaini maboksi kwa kalamu maalumu ya wino mzito, ambayo kampuni iliinunua kwa kazi hiyo na Mkurugenzi aliirudisha mfukoni mwake kila mzee alipopumzisha mkono.

Boksi liliuzwa likaisha, likachapwa jingine. Baada ya muda wateja wakaanza kupiga simu. Kwenye diski zao kulikuwa na mwanamke mwenye penseli. Kwa huyu alikuwa akipima, kwa yule akigombana na mjomba, kwa mwingine alikuwa amelala ndani ya kabati pamoja na bibi wakati wa mapumziko. Wengi hawakulalamika. Walitaka tu kujua kama ni sehemu ya toleo au wamepewa lenye kasoro, maana mtu akilipia heshima anataka kuwa na hakika. Mkurugenzi alifikiri, akaagiza kibandiko cha dhahabu kigandishwe mbele ya boksi: "Ndani yake: mwanamke wa ngazini." Mauzo yakapanda. Akamtuma Darubini aulize kama marehemu ana nafasi, kwa kuwa kulikuwa na filamu nyingine zinazohitaji kusafishwa.

Mteuzi alimpelekea Shemeji boksi moja mwenyewe, hadi kwenye chumba chake cha kushonea. Hakupewa kiti. Aliliweka juu ya cherehani, akasema samahani, akaondoka, na Shemeji hakumzuia.

Alasiri hiyo Shemeji aliazima mashine ya diski kwa jirani, akaifunga kwenye runinga yake ndogo. Jina la mzee likapita kwanza, kwa ule mwandiko mzuri. Kisha ngazi, kabati, na dada akishuka kutoka juu akihesabu vidato kwa kidole.

"Dada," alisema Shemeji. "Hawakuliweka."

"Najua," alisema dada, bila kuacha kuhesabu.

"Na bado ukawafanyia kazi."

"Sikuwafanyia wao. Uliiona ile mikwaruzo? Ningeiachaje vile?"

Shemeji alikuwa na hasira na mzee, na kampuni, na yule binti wa kijitabu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira na dada yake pia. Akachukua biro aliyotumia kuchorea vitambaa, akaliweka boksi mapajani, na chini ya jina la mzee, polepole, kwa mwandiko wake usiopendeza, akaandika majina yote mawili ya dada.

Lakini boksi lilikuwa la heshima. Lilikuwa limepakwa kitu laini kinachozuia alama za vidole, na wino wa biro haukushika. Alipolinyanyua kulipeleka kwenye mwanga, jina lote lilikuwa limehamia kwenye kiganja chake cha kulia, na karatasi ilikuwa safi. Alikaa akikitazama kiganja hadi filamu ikaisha, na jioni akala kwa mkono wa kushoto.